Mtamba wa Kipkemboi

"Omollo ananoa panga tangu asubuhi," Waceke alisema pale kwa bomba. "Leo Kipkemboi atazikwa vipande vipande."

Marion hakungoja mtungi wake ujae. Alimkaza mtoto wake Joyline mgongoni, akashika njia ya kwa Omollo. Nyumba za mawe karibu zote za upande huu wa Yamumbi zilijengwa na mikono ya huyo jirani yake, enzi akiwa nayo yote miwili.

Omollo na Kipkemboi walikuwa wakiitana ndugu. Kipkemboi alimletea mtamba, akasema tu, "Kaa naye, kunywa maziwa." Kwa akina Kipkemboi hata mtoto anajua kwamba ng'ombe wa namna hiyo ni wa kutunzwa tu na rafiki, na ndama wanaozaliwa ni wa mwenye ng'ombe. Kwa akina Omollo, ukipewa umepewa. Mama yake alipokufa, Omollo alimpakia kwenye pikapu ndume aliyezaliwa na mtamba huyo, akamchinjia waombolezaji huko Siaya.

Siku Omollo aliporudi kutoka mazishini, Marion alikuwa akianika nepi hapo jirani Kipkemboi alipofika na panga.

"Umekula ng'ombe yangu, mwizi wewe!"

"Si ulinipa, ndugu yangu?"

Omollo aliinua mkono wa kulia. Panga ikashuka. Mkono ulianguka matopeni, vidole bado vikicheza, damu ikaruka mpaka kwenye nepi. Kipkemboi akamkata tena begani, akilia kama mtoto huku anakata. Juzi ametoka rumande, kesi bado.

Sasa Marion alimkuta Omollo kando ya zizi, panga ameibana kwa magoti, tupa ya kunolea ikiwa mkono wa kushoto. Panga ilikuwa imemteleza, damu ilimchirizika pajani.

"Waceke amekutuma? Mwambie matanga bado, asikoroge chai."

"Baba, hiyo panga ni ya nini?"

"Ng'ombe hajala."

Aliinuka, akaufyeka mganda wa majani ya nepia ya kulisha ng'ombe. Akafyeka tena, kwa nguvu isiyo ya majani, mpaka panga ikazama kwenye gogo na Joyline akaanza kulia.

"Kila nikikata, ni shingo yake naiona," alisema akihema. "Na huyu ng'ombe wake hapa, nikimwangalia, namwona yeye."

Akafungua kamba ya ng'ombe kwa meno, akamnyooshea Marion.

"Mama Joyline, mpelekee wewe. Mimi nikienda, nitaenda na panga. Na umwambie hatoi maziwa bila kupigiwa mluzi."