Uji wa Oti kwa Mtu Asiyeupenda

Mume wangu alipikia wageni chakula cha asubuhi katika hoteli moja ya Nungwi kwa sehemu kubwa ya umri wake, na katika vyote alivyovipika hakuna alichokidharau kama uji wa oti. Oti ni nafaka ya Wazungu. Punje zake hubanwa zikawa bapa, na ukizichemsha huvutika kama bamia. Akija nyumbani kwa mapumziko alikuwa akinihadithia.

"Wanamimina asali, wanatia zabibu, wanakata ndizi juu yake, na bado nusu bakuli inarudi jikoni. Mimi nnaona wanajiadhibu tu."

Kisha alitaka chapati na maharage ya nazi, na chai ya tangawizi ambayo kijiko kilikuwa karibu kisimame kwa sukari.

Sukari na presha vilikaa naye miaka mingi bila ya yeye kuvishughulikia. Siku moja, baada ya kustaafu, alianguka ukumbini akienda kuchukua udhu. Upande wa kulia ukapooza, mdomo ukaenda kombo. Alipotolewa hospitali, daktari, kijana mpole, alitukalisha mimi na binti yetu akatueleza: sukari basi, mkate mweupe basi, chumvi kidogo sana, na asubuhi apate uji wa oti. Niliinamisha kichwa. Binti yangu alidhani nnalia, lakini nilikuwa nikifikiria nitamwambiaje.

Bakuli la kwanza nililipika kwa maji matupu, kama pakiti ilivyoelekeza. Alichota kwa mkono wa kushoto, akakipindua kijiko. Uji haukuanguka.

"Hii gundi," akasema. Maneno yake siku hizo yalikuwa yakitoka yamelegea, lakini hilo nililisikia vizuri.

Nikajiambia kuwa kazi yangu sasa ni moja, kumfanya azipende oti. Nilizikaanga kavu kwanza mpaka zikanukia kama njugu, ndipo nikatia maji, na ule mvutiko ukapungua. Akala vijiko viwili. Nikajaribu kwa maziwa na mdalasini. Nikajaribu kwa tui jepesi na ndizi mbivu niliyoiponda mpaka ikapotea ndani, utamu uwepo na sukari isiwepo. Hapo alikula nusu, akanitazama.

"Nani kakufundisha?"

"Wageni wako," nikamwambia.

Akacheka kwa upande wa mdomo uliobaki mzima. Kesho yake nilipika vilevile na hakugusa.

Jirani yetu wa ghorofa ya juu, bibi mmoja mjane, alishuka kumjulia hali akaniona nimekaa na bakuli mapajani.

"Shikamoo, Bi Mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Hataki?"

"Hataki."

"Kwani shurba humpikii? Ramadhani si watu wanaipika kwa oti hizo hizo?"

Nyumbani kwetu shurba, ile supu nzito ya futari, tulizoea ya ngano, ndiyo maana haikunijia. Asubuhi iliyofuata nilichemsha mifupa ya mbuzi na nyama yake kidogo, kwa kitunguu, thomu, bizari nyembamba na pilipili manga, nikatia oti zikaivia ndani ya supu, nikakamulia ndimu. Nilimpelekea bila ya kusema kitu. Alikula akamaliza, akalikwangua bakuli kwa kijiko.

"Hizi si oti," akasema.

"Ni oti."

Akalitazama bakuli. "Basi wale wageni nimewadhulumu."

Kuanzia hapo nikapata siku nzuri. Alikuwa akiniuliza mapema kama supu imeshakuwa. Alianza kukaa barazani asubuhi, mto mgongoni, akiitikia salamu za wapita njia. Binti yangu alipokuja kutoka Mbweni alimkuta huko nje, akambusu mkono, na ndani akaniambia, "Mama, baba anarudi." Nami niliamini. Mama zetu wametulea hivyo, kuwa mgonjwa akishakula, ugonjwa unafunga mizigo.

Halafu akaanza kusema shurba haina chumvi. Nilionja, nikaiona ipo. Nikaongeza kidogo kumridhisha. Siku ya pili akasema ndimu haisikiki, nikaikamulia mpaka mimi mwenyewe meno yakafa ganzi. Akataka pilipili, nikampa. Kila siku chakula kilikuwa kikali zaidi, na yeye akikitafuna kama mtu anayetafuna pamba.

"Mbona mapishi yako yamekufa siku hizi?" aliniuliza.

Niliumia. Nilidhani amechoka nami.

Daktari alipompima tena alisema presha imepanda sana, na kuwa kuna kiharusi kingine kimempitia kimyakimya. Binti yangu aliufunua mkebe wa chumvi jikoni, akauona ulivyoshuka. Hakunigombeza. Alisema tu, "Mama," akaufunika.

Baada ya hapo hata kumeza kukawa taabu. Shurba nikawa naichuja, nyama naitupia paka. Kuzungumza alizungumza kidogo, na kukaa barazani kukaisha. Ndipo asubuhi moja, binti yangu akiwapo, akasema waziwazi kuliko alivyosema kwa wiki nyingi:

"Nataka mkate wa kumimina. Kipande tu."

Tulitazamana mimi na mwanangu. Ule ni mkate wa mchele na tui, sukari yake haina mzaha, na binti yangu ndiye aliyekuwa akitukataza hata asali. Nilimngojea aseme hapana. Alichukua buibui lake, akatoka, akarudi kutoka Mlandege na mkate mzima, bado una moto.

Nilikata kipande chembamba, nikakilowesha kidogo kwa maziwa ili kipite, nikamtia mdomoni. Iliki ilikijaza chumba. Alifumba macho. Alitafuna kwa muda mrefu sana, na mimi na binti yangu tukawa tunamtazama kama watu wanaongojea mwezi uandame.

Alifumbua macho. "Na huu hauna ladha," akasema.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu aliyepotelewa na kitu, akatafuta mahali pa mwisho, nako hakipo. Kumeza hakuweza. Nilitia kidole nikakitoa kile kipande shavuni, kimelainika. Binti yangu alikwenda kusimama ukumbini, akatugeuzia mgongo.

Daktari tulipomweleza alisema hutokea, kichwa kikishapigwa, ulimi nao hupoteza habari zake, na kwamba tusitegemee ladha kurudi. Miezi yote ile nilikuwa nimepigana na oti, na oti hazikuwa na kosa. Ndimu, bizari, mifupa ya mbuzi, vyote nilikuwa navipeleka kwenye nyumba ambayo mwenyewe alikuwa anahama.

Siku hizi namchemshia oti kwa maji, nyepesi, nazichuja kwa kitambaa. Sitii kitu. Bi Mkubwa wa juu akishuka huniuliza anaendeleaje, nami husema alhamdulillahi, naye hunishika mkono. Binti yangu huja akamgeuza upande, akampaka mafuta mgongoni pasije pakafanya vidonda.

Asubuhi ya leo alikisukuma kijiko kwa ule mkono wa kushoto, bila ya nguvu. Nilingoja. Nikakileta tena, akafungua mdomo, si kwa kutaka, kwa kunionea huruma nadhani. Uji mwingi ulimwagika kidevuni. Nilimfuta, nikamlaza vizuri, nikaenda kuosha bakuli.