Viatu vya Mbuyi, Viatu vya Kabanga

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa, si mtoto wa kuulizwa, nyumba yetu pale Shituru ilikuwa na mtu aliyeimbwa na mji mzima wa Likasi, kule Kongo. Ni Mbuyi, baba yangu mdogo. Akipiga mpira kwa mguu wa kushoto, wazee wenye akili zao walirusha kofia juu na hawakuzitafuta tena. Pacha wake, Kabanga, aliyeyusha shaba kiwandani. Huyo hakuna aliyemwimba. Shaba haina mashabiki.

Sisi watu wa Kasai, mapacha hatufanyi nao mchezo. Ukimpa mmoja kitu, mpe na mwenzake, siku ileile. Ukimnyima, moyo wake unakasirika hata kama mdomo unacheka, na hasira hiyo inampiga mwenzake. Nkambo wangu, yaani bibi yangu aliyewazaa, alishika sheria hiyo kama mlinzi wa gereza. Siku moja mashabiki walimletea Mbuyi kuku.

"Kuku moya?" nkambo akauliza. "Na Kabanga atakula nini, manyoya?"

"Mama, Kabanga haiko mu ekipe," Mbuyi akasema, yaani hayumo kwenye timu.

"Mu tumbo yangu balikuwa babili. Weye ulikuwa mule, uliona nani alicheza?"

Wakaenda kutafuta kuku wa pili.

Basi, kabla ya fainali wakubwa wa timu wakampa Mbuyi viatu vipya kutoka Ulaya. Nkambo alizunguka soko la Kikula, akarudi na viatu vya mpira vilivyochoka, soli zinatazama pembeni. Akanitundikia shingoni.

"Peleka kwa Kabanga, ku mulango ya kiwanda. Avae mbele ya mupira kuanza. Hata kama ni ya kwenda nayo ku choo. Umesikia?"

"Njo, nkambo," nikaitika, yaani ndiyo.

Nilifika penye reli. Upande huu kiwanda, upande ule uwanja, na ngoma zilikuwa uwanjani. Nikasema nitachungulia kidogo. Mtoto hajui kidogo.

Mbuyi alifunga bao moja, nikapiga kelele pamoja na watu wazima. Kipindi cha pili beki mmoja akamwingia, na nikasikia sauti kama mtu amevunja muhogo mkavu. Mbuyi akabaki chini, ameshika mguu. Mimi nilikuwa nimesimama pale, viatu vya Kabanga bado shingoni.

Nilikimbia mpaka kiwandani. Kabanga alikuwa anatoka, habari imeshamfikia. Akavitazama viatu, akanitazama mimi.

"Ulikuwa ku mupira?"

Nikalia.

"Nyamaza. Bakikuuliza, sema ulinipa mbele ya mupira kuanza. Minye nitasema vile vile. Nkambo yako atakupiga mupaka utasahau jina."

Akavivaa palepale, akaenda navyo nyumbani vikimbana vidole. Alikuwa na huruma, Kabanga. Huruma bila akili nayo ni ugonjwa.

"Ulimupa mbele?" nkambo akaniuliza.

"Njo."

"Alinipa, mama," Kabanga akasema.

Nkambo akakaa chini polepole. "Basi haiko mapasa. Basi mulozi iko mu nyumba."

Kama si mambo ya mapacha, ni mchawi, na macho yote yakaenda kwa Ntumba, mke wa Mbuyi. Nani aliyempikia asubuhi ile? Nani aliyefua jezi? Na mtoto hajamzalia bado. Kesi ikaisha kabla chai haijapoa. Juma lile walimpeleka kituo cha treni na furushi lake, arudi Kasai kwa watu wake. Yeye ndiye aliyekuwa ananisuka nywele. Akaniinamia.

"Weye, mutoto, minye nilifanya nini?"

Nilitazama reli. Kabanga naye alitazama reli. Mbuyi, mguu kwenye plasta, alibaki nyumbani na hakutuma hata neno.

Hakucheza tena. Alizeeka akisimulia mabao yake, na kila mwaka yaliongezeka. Mwaka huu tumemzika kwa fanfare, bendi ya matarumbeta, na fulana zenye uso wake. Kabanga alishatangulia zamani, kwa kifua cha kiwandani, na fulana hakuna. Bwana mmoja aliyezaliwa juzi akashika mikrofoni, akasema tungekuwa na mchezaji wa dunia nzima kama mwanamke mmoja asingemla mguu.

Nikasimama, mimi ambaye mdomo wangu unaogopwa mtaa mzima. Nikasema: "Ule mwanamuke hakufanya kintu. Viatu nilichelewesha minye. Na minye nilidanganya."

Watu wakacheka kwa upole. "Nkambo amechoka," wakasema, maana siku hizi nkambo ni mimi. "Mumuletee maji."

Mguu ulivunjwa na beki, hilo nalijua, mimi si mjinga. Kama hasira ya pacha ilimsaidia yule beki, Mungu aniambie, mimi nimeshindwa kujua. Lakini Ntumba hakufukuzwa na pacha wala na beki. Alifukuzwa na neno moja la mdomo wangu, na nilipolirudisha, hakukuwa na mtu wa kulipokea. Kaburi lake sijui liko wapi.

Maji yakaletwa. Nikanywa, nikakaa.