Aliyetazama Magoti

Wengine wote walitazama mpira. Namunyak alitazama magoti.

Cresensia aliliona hilo kabla ya wenzake, ila hakumwambia mtu. Alikuwa msichana wa maneno machache, aliyeishia darasa la saba, akabaki kijijini Endabash kulima maharage na mama yake. Mchana yuko shambani, jioni yuko kiwanjani kwenye mpira wa pete, na miguu hiyo hiyo ndiyo iliyopanda kilima na ndoo ya maji kichwani.

"Ukinirudia unachechemea kama Eva, nani atalima?" mama alimwuliza. "Hiyo timu yenu?"

Eva alianguka maharage yakiwa yanachanua. Aliruka, akadaka mpira, akatua kwa mguu mmoja na kusimama ghafla, maana mchezo wenyewe ndivyo unavyotaka: ukishadaka, huruhusiwi kukimbia nao. Hakuguswa na mtu. Goti likalia ko! Kabla yake Angelina alianguka vivyo hivyo. Hospitali wakasema kano ya ndani ya goti imekatika. Sawa, imekatika. Lakini mbona vijana wa soka, wanaopigana madaluga kwenye vumbi lile lile, magoti yao mazima? Na mbona kila akianguka mtu, anayeingia nafasi yake ni Namunyak, huyu aliyeshuka juzi tu kutoka Ngorongoro kuja kukaa kwa shangazi yake?

"Yule ana jicho baya," alisema Witness, nahodha wao. Kisha akapaza sauti, "We Namunyak! Mpira uko huku juu, magoti hayarushwi!"

Wasichana wakaangua kicheko. Namunyak naye akacheka kidogo, halafu macho yake yakarudi chini. Safari hii yakatua kwa Cresensia.

Kesho yake Cresensia alikuja amevaa suruali ndefu ndani ya sketi, na joto lote lile.

Jumamosi asubuhi, akienda kisimani, alipita kando ya kiwanja na kumwona Namunyak peke yake. Amepanda juu ya jiwe. Akaruka, akatua, akagusa ardhi kwa kiganja huku midomo inacheza. Akapanda tena. Na mahali alipokuwa anagusa ni pale pale alipoangukia Eva.

Cresensia akatua ndoo. "Unafukia nini hapo?"

Namunyak alishtuka, kisha akapangusa mkono. "Nafukia nini? Njoo uchimbe."

"Nilikuona ukinuiza."

"Najikumbusha. Kunja magoti, yasiingie ndani. Basi." Akaketi juu ya jiwe. "Dada yangu Nanyokie alikatika kano hiyo hiyo. Yule mama wa mazoezi ya viungo hospitali akatuambia wasichana wanamjia wengi kuliko wavulana. Sababu ni nyingi, na nyingine bado wanazitafuta. Nyonga zetu zinatanuka tukikua. Misuli ya nyuma ya paja inachelewa kukaza. Tena hakuna anayetufundisha kutua. Wavulana wanapewa mazoezi, sisi tunapewa mpira tu, haya chezeni!"

Hilo la mwisho lilikuwa kweli. Kocha Fabian alikuwa dereva wa watalii, na wageni wakijaa Kreta ya Ngorongoro, timu haikumwona kabisa.

"La kwako la kushoto linaingia ndani kama la ndama aliyezaliwa leo," Namunyak akaendelea. "La Eva lilikuwa hivyo hivyo."

Cresensia akalifunika goti kwa mkono. "Uliliona, ukanyamaza?"

"Angelina nilimwambia. Wiki ile ile akaanguka, mkasema nimemtabiria. Kwa Eva ningefungua mdomo vipi?"

Cresensia alijitwika ndoo yake akaenda zake. Njia nzima aliyapindua maneno yale, na kila upande yalisimama. Mtu anayejua nani ataanguka, ama ana maarifa, ama ndiye anayemwangusha. Hata hivyo, alipofika nyuma ya zizi lao alipanda juu ya kinu kilichopinduliwa, akatazama kama mama haoni, akaruka. Magoti akayakunja.

Jumapili walicheza na wasichana wa Mbulumbulu. Mpira wa kwanza wa juu ulimjia Cresensia. Aliudaka angani, akashuka kwa miguu yote miwili, magoti yamekunjwa, kiganja karibu kiguse vumbi. Goti likatulia.

Labda ameniachia tu, hakutaka kuniangusha, aliwaza, akamtupia Namunyak jicho pale benchi alikowekwa na Witness. Namunyak hakuwa akimtazama yeye. Alikuwa akimtazama Witness, na mdomo ameufumba kwa nguvu.

Cresensia akayafuata macho yale. Witness akaruka, akatua, mguu umenyooka. Goti likacheza kwa ndani. Akaruka tena, likaingia zaidi.

"Witness! Kunja magoti!"

Sauti ilimtoka kabla hajaifikiria. Wasichana wote wakageuka. Witness akasimama na mpira kifuani. Akalitazama goti lake, kisha akamtazama Cresensia, kisha polepole akavuta sketi chini.

"Na wewe umeanza lini?"

Cresensia alihisi macho ya timu nzima yamemganda, kama yalivyokuwa yakimganda yule wa benchi.

"Jana," akajibu. "Kunja kwanza, Witness, ndipo unitukane."