Nilivyogawa Nyimbo za Kwaya Nusu kwa Nusu

Jumamosi ya pili ya Machi. Mvua ilinyesha hadi saa tatu asubuhi, kisha jua likatoka kali kama vile halihusiki.

Programu ya nyimbo tuliyonayo kwenye simu si yangu. Iliandikwa na kaka mmoja wa Mwanza, akaiacha wazi mtandaoni. Mimi, niliyeishia darasa la saba na kozi ya kompyuta ya miezi mitatu pale Bunda, nilichukua nakala nikabadilisha maneno yawe kama kwaya yetu ya Butiama inavyoyaimba. Kwake sadaka ni zabibu. Kwetu ni ulezi, maana ndio wanaoupeleka akina mama altareni. Sasa yule kaka haachi kurekebisha ya kwake, na nisipovuta marekebisho yake niyaingize kwenye yangu, yangu inachakaa. Ilishaanza kuzima katikati ya wimbo.

Jana nikavuta. Mahali kumi na moja alikuwa amegusa mstari uleule niliougusa mimi, na kompyuta ikagoma, ikaniuliza nifuate wa nani. Nikaona nisijipendelee. Nikampa yeye sita, sisi tano. Ule wa ziada kwa kuwa ni mgeni. Nilijisikia mtu mwema sana. Nikawatumia wanakwaya wote.

Leo mazoezini, ubeti wa kwanza tukapeleka ulezi, wa pili zabibu. Besi wakacheka mpaka wakakaa chini. Mwalimu wa kwaya hakucheka. Kesho tunaimba Musoma, kule Mukendo, mbele ya watu wa mjini.

"Baba, wewe ni fundi au msuluhishi wa ndoa?"

"Nilitaka haki, mwalimu."

"Haki kampe mkeo. Saa kumi hiki kitu hakijanyooka, tunafuta, tunarudi kwenye madaftari."

Nikarudisha nakala ya juzi, nikavuta upya. Marekebisho ya kule kuzima hayakuwa na ubishi, nikayachukua yote. Ile mistari kumi na moja nikawasomea wanakwaya, wa kwake na wa kwetu, wao wakaamua. Kumi walishika ya kwetu. Kwenye mmoja, bibi wa sauti ya pili akasema, "Hapo yule kijana yuko sahihi. Sisi tulikuwaga tunakosea." Mwalimu akamkazia macho, lakini nikauweka, nikawatumia wote upya.

Saa kumi kasoro tuliimba mwanzo hadi mwisho, hakuna simu iliyozima.

"Haya, twende nayo," mwalimu akasema. "Ila siku nyingine kabla hujavuta, uliza."

Ana haki, ingawa mwezi jana niliuliza akaniambia nisimsumbue na mambo ya kompyuta.

Jioni tulikula ugali wa muhogo na furu, vile visamaki vya ziwani, wa mchuzi. Chumvi ilizidi kidogo, nikaongeza ugali.