Mzee Tanuri na Kilio cha Saa Kumi Alfajiri

Aliyekwenda kwa mwenye nyumba kumshitaki Mzee Tanuri ni mimi. Nalisema mapema, kwa sababu mtaani hapa maneno hayalali na sitaki ulisikie kwa mwingine likiwa limetiwa chumvi.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na shule zikikaribia kufunguliwa nashona mpaka naona sindano mbili mbili. Nikijitupa kitandani nimechoka hoi. Sasa hebu fikiria: saa kumi alfajiri, usingizi ndio umekolea, nyuma ya ukuta mbwa anaanza. Wiii. Wiii. Wiiiii. Afadhali angebweka, nijue kuna mwizi. Yeye analialia tu, kama mtoto aliyeachishwa ziwa jana, na halali mpaka kuche. Na kuta za nyumba yetu unazijua zilivyo. Jirani akipiga chafya, wewe ndiye unayetafuta leso.

Tanuri siyo jina lake. Tulimpa sisi wapangaji, kwa sababu ameoka mikate miaka thelathini na miwili kwenye kiwanda kidogo nyuma ya soko. Mikono yake haina unywele hata mmoja, moto ulishaimaliza. Mkewe alifariki zamani. Alikuwa akiishi na binti yake wa pekee, na mwishoni mwa mwaka jana, mzee alipostaafu tu, binti akapata kazi nchi ya mbali. Akamwachia baba yake mbwa wa kahawia mwenye masikio ya kulegea, kizimba cha waya cha kumlaza, na karatasi ya maelekezo iliyobandikwa ukutani: alale kizimbani, asipande kitandani, asipewe chumvi. Jina la mbwa lilikuwa la kigeni, likamshinda mzee kulitamka. Akamwita Hamira. Eti kila ukimtazama unamwona ameumuka kidogo.

Basi nikavumilia mwezi mzima, maji yakanifika shingoni, nikaenda. Mama mwenye nyumba hakunikawiza. Akamfuata mzee mlangoni kwake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Nakupa wiki moja. Baada ya hapo nikisikia huyo mbwa analia alfajiri, anaondoka. Hii ni nyumba ya watu, siyo zizi." Nami huku ndani nikasema moyoni, haswaa! Mwambie!

Jioni ile ile mzee akaja kwangu, amesimama kizingitini na kofia mkononi.

"Fundi, kuna mtu amelalamika juu ya Hamira."

"Eti?" nikasema, macho kwenye cherehani. Uongo mwingine hata hauna haja ya kufundishwa.

"Binti yangu anapiga simu Jumapili," akasema. "Siku hizo nyingine zote naongea na Hamira. Akiondoka yule, Fundi, sijui nitafanya nini." Akasema hivyo hivyo, bila kuzunguka. Nikamwambia pole, nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili asiendelee.

Usiku wa kwanza akafanya kosa ambalo asiyewahi kuoka mikate asingelifanya. Yeye anajua donge la unga likisumbua unalifunika kwa kitambaa kibichi, unaliweka karibu na joto, linatulia lenyewe. Basi akakifunika kizimba kwa kitambaa cha meza alichokiloweka maji, akakisogeza karibu na jiko lenye makaa. Lo! Alfajiri mbwa hakulia, alipiga kelele za kuomba msaada. Asubuhi namkuta uani, ameloa, anapiga chafya, na mzee anamkausha kwa taulo lake mwenyewe huku akimwambia, "Samahani, mama, samahani. Nilikudhania mkate." Nilicheka hata niliporudi kwenye cherehani, mpaka nikajichoma kidole.

Siku ya tatu akampeleka kwa daktari wa mifugo. Daktari akamwambia mbwa hana ugonjwa. Akilia, usimwendee, kwa sababu ukimwendea unamfundisha kwamba kulia kunalipa. Mzee akarudi amenuna.

"Analia, halafu nikae nimtazame? Huyo daktari ana watoto kweli?"

"Mzee, sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia. "Zimebaki siku nne."

Siku ya nne kilio. Siku ya tano kilio. Hapo nikapandwa na hasira, nikajitanda shuka, nikatoka nje kwenda kugonga. Nilikuwa nimeshapanga maneno, na hayakuwa mazuri. Nikainua mkono, halafu nikausimamisha hewani, kwa sababu aliyekuwa anaongea mle ndani siyo mbwa.

"Umeamka? Eh? Mimi nimeamka," sauti ya mzee ilikuwa inasema. "Leo tungekuwa na mikate mia nne ya shule na mia mbili ya hospitali. Moto ungekuwa haujawaka vizuri, yule mzembe wa kuni angekuwa bado amelala. Umeamka, mama? Sema."

Na Hamira akasema. Wiii.

Nikagonga. Akafungua, na mwenzangu, nakuambia, alikuwa amevaa kama mtu anayekwenda kazini: shati limefungwa vifungo mpaka kooni, viatu miguuni. Taa imewashwa. Pembeni ya kizimba kuna ndoo iliyofudikizwa, ndiyo alikuwa anakalia.

"Mzee," nikasema, "huyu mbwa hakuamshi. Wewe ndiye unayemwamsha."

Akarudi kukaa kwenye ndoo yake. Nami pale mlangoni baridi inanipiga miguuni.

"Kiwandani," akasema, "hatukuwa na kengele. Tulikuwa tunalala kule kule kwenye magunia. Anayeamka wa kwanza ndiye anayeita wenzake, mmoja mmoja, na haachi mpaka kila mtu aitike. Asiyeitika hajaamka, na anayeingia kazini na usingizi ataungua kwenye tanuri. Miaka thelathini na miwili wa kwanza nilikuwa mimi. Bado naamka saa ile ile, Fundi. Naamka, naita, na hapa hakuna mtu. Yuko huyu tu."

Nikamwambia ukweli wangu, maana roho ilikuwa inanisuta. "Aliyekushitaki ni mimi."

"Nilijua," akasema. "Upande ule mwingine wa chumba changu ni barabara. Angekuwa nani?" Akatabasamu, na tabasamu lile liliniuma kuliko matusi.

Basi mimi na akili zangu za fundi, nikamkatia kipimo. Nikamwambia: ukiamka, usishuke kitandani. Usiwashe taa. Usivae viatu. Usiseme neno, hata kikohozi kimezee kwenye mto. Lala hapo hapo mpaka jua litoke, mbwa naye atalala. Akanisikiliza kama mwanafunzi, akirudia kila moja kwa vidole. "Nisiwashe taa. Nisiseme neno."

Siku ya sita, kimya. Siku ya saba, kimya. Mama mwenye nyumba akaja asubuhi, akatega sikio, akasema sawa, mbwa abaki, lakini onyo liko pale pale, kilio kimoja tu na safari. Wapangaji wakampongeza mzee kwa kumshika mkono. Mimi nikampelekea nusu dazeni ya mayai. Tukajiona tumemaliza kazi.

Ungedhani sasa nalala. Thubutu! Saa kumi ikifika macho yangu yanafunguka yenyewe, hakuna aliyeniita. Nalala nikisikiliza. Najua yuko macho pale, hatua mbili kutoka kichwa changu, matofali tu katikati yetu. Nasikia kitanda kikilia anapogeuka, polepole, kama mwizi katika chumba anachokilipia kodi mwenyewe. Nasikia kikohozi kikimezwa na mto. Saa mbili nzima anakaa hivyo, mpaka kuche. Nani alimfundisha? Mimi.

Wiki iliyopita nilimkuta uani akimchana Hamira manyoya. Nikamuuliza mbwa anaendeleaje.

"Vizuri sana," akasema. "Amezoea kabisa. Juzi kulipokucha nilimwita, akafungua jicho moja, akanitazama, akalala tena." Akaendelea kuchana. "Zamani angeruka."

Sikuweza kukaa na hilo. Nikaenda kwa mama mwenye nyumba, nikamwambia nafuta malalamiko yangu yote, mzee aachwe aongee na mbwa wake, na mbwa alie akitaka. Akanitazama kama mtu aliyekunywa kitu. Akasema yeye siyo wa kuchezewa, leo mbwa atoke, kesho mbwa alie. Wapangaji wengine wanalala vizuri na neno lake liko pale pale. Nikabembeleza mpaka nikatia aibu. Akafunga mlango.

Leo alfajiri macho yamefunguka kama kawaida. Nimelala kidogo nikisikiliza kitanda chake. Halafu nikasogea, nikaweka mdomo karibu kabisa na ukuta, nikasema kwa sauti ya chini, "Mzee? Umeamka?"

Kitanda kikalia mara moja, kikanyamaza.

"Mimi nimeamka," nikasema. "Ni mimi, Fundi. Ongea tu kidogo."

Nilimsikia akipumua. Alikuwa amesogea, alikuwa karibu na ukuta kama mimi, huenda mkono wake ulikuwa juu ya tofali lile lile. Nikasubiri. Nikamwita tena. Hakusema neno, kwa sababu Hamira alikuwa amelala, sauti yake ingemwamsha akalia akafukuzwa, na mzee hakuwa na mbwa wa pili.