Mfua Nazi Aliyemficha Daktari Mkono Wake

Saa moja asubuhi, jua la Mwakirunge limeshaanza kuchoma. Nyamvula Nyale anaikamata nazi kavu kwa mikono miwili, anaikita kwenye kifuo, na wafuaji wote uani wanaacha kazi kumtazama.

Kifuo ni chuma kilichosimikwa ardhini, ncha juu, kali kama mkuki. Mfuaji huinama juu yake, akaikita nazi, akaisokota mpaka kumbi, lile ganda la nyuzi, litoke. Leo Nyamvula anasokota kwa mkono wa kulia, na kumbi limegoma. Nazi inamponyoka, inabingirika hadi miguuni mwa Mweri, jirani yake wa kazi.

"Taratibu, mamangu," Mweri anamwambia. "Haikimbii hiyo."

"Ishakimbia," anajibu Nyamvula, na kuifuata.

Mama huyu wa miaka arobaini na sita ndiye aliyekuwa akiwatoa jasho wanaume katika ua huu wa nazi. Siku njema alifua nazi elfu moja, shilingi moja kwa kila nazi. Lakini huo ulikuwa mkono wa kushoto, nao tangu Februari umepigwa marufuku. Sasa tajiri wake, Mwikali mwenye ua, amempa sharti: afikishe nazi mia tatu kwa siku, au kifuo chake apewe mtu mwingine. Muda aliopewa unakwisha leo.

Yaliyompata, ukiyasikia, mwili unasisimka.

Kwa miezi alikuwa akishikwa na kizunguzungu, naye akisingizia jua. Asubuhi moja, ameinamia kifuo, akazimika. "Sikuona hata giza," anasema. "Nilikuwepo, halafu sikuwepo."

Mweri alimwona akienda kifua mbele juu ya ncha ile. Akamrukia, akamsukuma upande. Chuma kikachana blauzi kutoka kwapani hadi kiunoni, ngozi kikaiacha.

"Haki ya Mungu, nikifumba macho naiona ile ncha," anasema Mweri.

Hospitalini, daktari kijana aitwaye Justus alihesabu mapigo ya moyo wa Nyamvula: thelathini kwa dakika. Akahesabu tena, hakuamini. "Mama huyu amekuja hapa kwa miguu yake?" akamuuliza Ruwa, mume wa Nyamvula.

Umeme unaouamrisha moyo upige ulikuwa haufiki sehemu ya chini. Dawa yake ni kijimashine kidogo, wenyewe wanakiita betri ya moyo, kinachofukiwa chini ya ngozi karibu na mtulinga, mfupa wa juu ya kifua. Nyaya zake hupita ndani ya mshipa mpaka moyoni. Kwa kawaida huwekwa upande wa mkono usiofanya kazi sana. Ndiyo maana kabla ya kumpasua, Justus aliuliza, "Mama, wewe una mashoto?"

Nyamvula akawatazama wauguzi waliosimama pale, watoto wa watu, akaona haya. "Mashoto mimi? Hata! Mimi ni wa kulia, daktari."

Jamani! Mwakirunge nzima inajua mkono wa Nyamvula ni upi. Lakini mama huyu alilelewa na bibi yake, na bibi kila wakati wa kula alimfunga mkono wa kushoto kwa kipande cha leso. Akajifunza kula, kuamkia na kupokea kwa wa kulia. Wa kushoto ukabaki wa kazi tu, tena mbali na macho ya wageni.

"Hakunieleza kwa nini anauliza," anasema. "Nilidhani ananipima adabu."

Wakaiweka betri kushoto. Walimtia ganzi kifuani tu, kwa hivyo alikuwa macho muda wote. "Niliwasikia wakizungumza habari za chakula cha mchana, na mikono yao imo kifuani mwangu. Nikasema moyoni, watu hawa wana njaa, wasije wakasahau kitu humu."

Kesho yake Justus akampa masharti. Kwa wiki sita mkono wa kushoto usipande juu ya bega wala usibebe kitu kizito. Na kazi za kukita na kusokota kwa mkono huo asahau kabisa, kwa sababu waya unaweza kung'oka au kukatika.

Hapo Nyamvula akakiri. "Nikamwambia, daktari, huo ndio unaonilisha."

Justus akakaa kitandani, kaduwaa. "Mama, si nilikuuliza?"

"Uliniuliza. Nikakudanganya."

Kuihamisha ingekuwa kumpasua upya na kumtia katika hatari ya kidonda kuoza, na mashine yenyewe haina kasoro. Ikaachwa hapo hapo.

Nyumbani, mkono haukusikia la mtu. Ulirukia sufuria, ulirukia ndoo, hata usingizini ulinyooka kutafuta shuka. Ruwa akawa anaufunga kwa leso kila wakilala. "Usiku wa kwanza nililia sana," anasema Nyamvula. "Bibi alikufa zamani, na mimi bado nafungwa."

Kilichomtia adabu hasa ni siku ya kupimwa. Fundi wa mashine hizo, Lynnette, aliipunguza betri kidogo aone moyo wenyewe unaweza nini. Haukuweza kitu. "Nikaona chumba kinaondoka na mimi naachwa," anasema Nyamvula. "Yule binti akairudisha mbio, uso umemparama. Kumbe mimi naishi kwa waya! Waya wenyewe mwembamba kama uzi wa kushonea gunia!"

Justus alimruhusu kurudi kazini kwa mkono wa kulia, wa kushoto uwe wa kushikilia tu. Mwikali alitaka ampe kazi ya kufagia makumbi, Nyamvula akakataa katakata.

Alasiri ya leo amebaki nyuma. Kiganja cha kulia kimechubuka, na jasho linamwingia machoni. Mara mkono wa kushoto unajitokeza wenyewe, unaishika nazi, unaanza kusokota.

"Nyamvula! Mkono!" Mweri anapiga ukelele.

Nyamvula anaiachia nazi kama aliyeshika kaa la moto. Anakaa juu ya makumbi, mkono wa kulia umeshika kifua, anasikiliza. Moyo unapiga. Anavuta pumzi, anainuka, anaokota nazi nyingine kwa wa kulia.

Jioni Mwikali mwenyewe anahesabu fungu la Nyamvula, hamwamini mtu. Mia tatu na saba. Mweri anapiga kigelegele mpaka anakohoa. Nyamvula anasema kufikia Krismasi atakuwa anafua mia tano, na anayebisha aje amwone.

Mwikali anamnyooshea ujira wake. Nyamvula anapokea kwa mkono wa kushoto, mbele ya watu wote.

"He! Nyamvula, adabu iko wapi?" Mwikali anashtuka.

"Tajiri, mfanyakazi sasa ni huyu wa kulia, na amechoka," anajibu Nyamvula, anazikunja noti. "Huyu wa kushoto amestaafu. Na mstaafu kazi yake ni kupokea."