Kijani Kilichokuwa Juu ya Mama Zuhura

Naandika haraka, mnisamehe nikikosea herufi.

Leo asubuhi nilikuwa shambani kwa jirani yangu Mama Zuhura, hapa Mnyambe, napiga picha za mikorosho. Mnajua nachora kwenye tableti, na kijani changu huwa hakiniridhishi.

Yeye alikuwa anaokota korosho chini ya mti. Nikampiga picha, nikaaga.

Nyumbani nikaikuza picha nichague rangi.

Tawi moja lilikuwa na jicho.

Nyoka wa kijani, juu ya kichwa cha Mama Zuhura kabisa.

Nikampigia simu, haipokelewi. Nikapiga tena huku nakimbia kurudi shambani.

Nilimkuta amelala palepale, kwenye khanga. Nyoka simwoni, na hapo ndipo nilipoogopa zaidi.

"Mama Zuhura," nikaita taratibu, "amka, ila usisimame. Tambaa uje kwangu."

Akanitazama usoni. Akatambaa mpaka nikamshika mkono.

Ndipo nilipomwona nyoka. Alikuwa ameshuka hadi tawi la chini.

Tulitembea hadi barabarani.

"Mjukuu wangu huwa namlaza palepale," akasema.

Picha ninayo bado. Niambieni, niifute au niiache?